Kofia Iliyotoka Maskati

Siku ile, mwanangu, haijanitoka hata sasa. Namwona yule mama wa Moa akinyoosha mkono kupokea glasi ya maji, halafu mkono ukakwama hewani na macho yakamganda juu ya kichwa cha baba yangu. Maji hakuyapokea. Mama yangu akabaki ameshika glasi, hajui aiweke wapi.

Lakini nimeanzia mwisho. Ngoja nirudi nyuma, maana usipojua kile kifurushi kilivyopotea hutaelewa kwa nini nilipandisha hasira juzi pale Mabawa, nilipomsikia yule kijana wa mizigo akimwambia mteja, "Hiyo siyo juu yetu." Hanijui wala simjui, nami nikamkaripia kama niliyemzaa. Wewe ukaona haya, ukanivuta shati. Kumbe na wewe mwezi ujao unaanza kazi hiyohiyo. Basi kaa, unisikilize.

Nilipokuwa rika lako nilikuwa karani katika ofisi ya mizigo ya Bwana Nasoro, pale Ngamiani. Watu wetu wengi walikuwa Uarabuni, na kila walichotuma kilifikia kwa wenzetu wa Dar. Wenzetu wakikipakia basi la Tanga, sisi tunakipokea na kumpigia simu mwenyewe aje achukue, au tunamsogezea mpaka kwake. Nyumba zetu hazikuwa na namba mlangoni, kwa hiyo kifurushi tulikitambua kwa namba ya simu iliyoandikwa juu yake. Majina tulikuwa hatuna habari nayo. Akina Salimu Tanga hii utawamaliza?

Nami nilikuwa maridadi, usinione hivi. Shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, simu mbili mezani. Ukiniita karani nakasirika, nilitaka niitwe afisa.

Basi kikaja kifurushi kutoka Maskati. Nikapiga ile namba, haipatikani. Kesho yake nikapiga tena, haipatikani. Nikawa kila nikifungua ofisi naanza na namba ile, mpaka nikaijua kwa kichwa, na kila mara nikisonya na kumtukana mwenyewe kimoyomoyo. Mtu anatumiwa vitu kutoka ng'ambo, simu kazima! Mwisho nikachoka, nikakipandisha rafu ya juu, nyuma ya kiti changu.

Ndipo akaja Bi Mwanaisha. Mtu mzima, mjane, amevaa kanga zilizopauka lakini safi, katoka kijijini Moa. Nikamwamkia, akaitika. Akaniambia mwanawe amefia Maskati kwa ajali, akazikwa hukohuko, na rafiki zake wamemtumia vitu vya marehemu kupitia kwetu. Nikampa pole, sikatai, pole nilimpa. Kisha nikamwomba namba ya simu. Yeye simu hakuwa nayo, akanitajia ya jirani yake. Nikatazama, hakuna mzigo wa namba hiyo.

"Haujafika, mama," nikasema. "Waulize wa Dar."

Wa Dar wakamwambia wamekwisha kuuleta Tanga. Rafiki wa Maskati akasema yeye alishaukabidhi. Akarudi kwangu, na safari hii nikampa maneno ya kiafisa kabisa: "Jukumu letu linaanza mzigo ukishatufikia. Haukutufikia, kwa hiyo sisi hatuna la kujibu." Jina la mwanawe sikumwuliza. Ndani ya kifurushi mna nini, sikumwuliza. Akatikisa kichwa taratibu, akanishukuru, akaondoka. Alinishukuru, mwanangu! Na kifurushi kiko hapa, nyuma ya kisogo changu.

Bwana Nasoro alikuwa na kawaida yake. Ramadhani ikielekea ukingoni, mizigo iliyokaa bila mwenyewe anaifungua peke yake chumba cha ndani, na vilivyomo anatugawia wafanyakazi iwe furaha ya Idi. Hatukuona vibaya. Tulikuwa tunaingojea hiyo siku, niseme kweli. Mwaka ule akanipa kofia ya mkono ndani ya mfuko wa nailoni, nyeupe, maua yamejaa kote, kazi ya mtu anayejua. Kichwani kwangu ikawa kubwa. Nikampelekea baba.

Baba alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Hakuwa mtu wa kusifu, lakini kofia ile aliigeuzageuza mkononi akatabasamu. Mama akamnyang'anya kwanza, akaifua, akaitia wanga, akaianika juu ya bakuli lililofunikwa ili isimame vizuri. Siku ya Idi baba akapendeza, na kila aliyemwuliza kaipata wapi alijibiwa, "Mwanangu huyu." Mimi nikitembea nyuma yake nimevimba kifua.

Sasa, kwetu sisi kijana akikukosea humkimbizii polisi. Unakwenda kwa wazee wake. Bi Mwanaisha naye alipochoka kuzungushwa aliuliza mtaani yule karani ni mtoto wa nani, akaonyeshwa nyumba, akaja. Hakuja kwa shari. Nilikuwa ndani, nikasikia hodi, nikatambua sauti. Mama akamkaribisha ukumbini. Baba aliposikia kuna mgeni akavaa shati, na kwa heshima ya mgeni akavaa na kofia yake nzuri, akatoka.

Hapo ndipo glasi ilipokosa wa kuipokea.

"Baba," Bi Mwanaisha akasema kwa sauti ndogo, "samahani sana. Hiyo kofia umeipata wapi?"

"Kaniletea huyu kijana wangu. Zawadi ya Idi."

"Naomba niishike."

Baba akaivua, akampa. Akaigeuza upande wa nyuma, akatuonyesha kwa kidole. Maua yote yalikuwa ya uzi mweupe, ila moja lilishonwa kwa uzi wa rangi ya maziwa, unaoelekea umanjano. Mimi nimeibeba kofia ile, nimeijaribu mbele ya kioo, sikuliona.

"Uzi mweupe uliniishia siku Salimu anaondoka," akasema. "Nikamwambia ngoja ninunue mwingine, akasema mama, tia wowote, gari litaniacha. Hii nimeishona mimi. Ni ya mwanangu. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta, hivyo vingine hata wasingeniletea sawa."

Nikamsogelea. Nikamwuliza namba ya simu ya Salimu ilikuwa ipi. Akaitaja polepole, kama mtu anayesoma dua. Kabla hajaimaliza nikaimalizia mimi.

Yule rafiki alikuwa ameandika namba ya Salimu mwenyewe, ile ya huku nyumbani, maana ndiyo aliyoizoea. Asubuhi zote zile nilikuwa nampigia marehemu, nikimsonya kwa kuzima simu. Na mama yake amesimama mbele ya meza yangu namwambia haujafika.

Bi Mwanaisha akaiinua kofia kwa mikono miwili, akaipeleka usoni, akavuta pumzi. Akasita. Akavuta tena. Kisha akaishusha, akamtazama mama yangu.

"Mmeifua?"

Mama akaangua kilio. "Nimeifua, mwenzangu. Wallahi sikujua. Nimeifua kwa mikono yangu hii."

Bi Mwanaisha hakulia. Aliikunjua kofia magotini akawa analipapasa lile ua la rangi ya maziwa. Akasema, "Nilitaka harufu ya kichwa chake tu." Alisema vile bila kumlaumu mtu, na mimi ningeona nafuu kama angenizaba kibao.

Baba akanituma nimwite Bwana Nasoro. Akaja, akaelezwa, akashtuka, na mshtuko ulipompitia akaanza kujitetea. Simu ilipigwa haikupatikana. Aliyetuma ndiye aliyekosea namba. Wa Dar walipaswa kuhakikisha. Karani hakusoma jina. Na mzigo uliokaa muda wote ule kawaida ya ofisi ni kufunguliwa, basi mama ataje thamani yake alipwe. Nami, sijui ulimi uliniponyoka vipi, nikadakia, "Mimi nilipewa tu."

Baba akainua mkono, tukanyamaza.

"Nimewasikiliza wote," akasema. "Kila mmoja anaeleza mzigo ulivyotoka mikononi mwake. Sijamsikia hata mmoja akisema ulikuwa mikononi mwake."

Kisha akafanya jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya kabla wala baada ya hapo. Aliteremka kwenye kiti, akakaa chini mkekani mbele ya Bi Mwanaisha, kichwa wazi, mvi zake zote nje. Mzee wa Ngamiani nzima, mbele ya mwanamke aliyekuwa sawa na mdogo wake.

"Bibi, mzigo wako umepotelea kwangu," akasema. "Nimeuvaa. Nimeingia nao msikitini, nimesifiwa nao, na sikuuliza kijana mwenye mshahara mdogo kaipata wapi kofia kama hii. Nilipaswa kuuliza. Anza na mimi. Hawa wengine watajibu wakijisikia."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kati yetu wanaume watatu yeye tu hakuwa na kosa, na ndiye aliyekuwa chini anaomba radhi. Nikapiga magoti pembeni yake. Sikuwa na hotuba. Nikasema, "Mama, kilikuwa nyuma yangu. Siku zote mbili ulizokuja, kilikuwa nyuma yangu."

Bwana Nasoro alibaki amesimama peke yake. Nilimwona uso unambadilika. Akavuta kiti, akakaa, akajifuta jasho kwa kiganja.

"Kulikuwa na kanzu," akasema.

Sote tukamgeukia.

"Mlikuwa na kanzu humo ndani. Niliichukua mimi. Ikawa ndefu, nikasema nitampelekea fundi, sikumpelekea. Ipo kabatini." Akainuka. "Haijafuliwa."

Hakungoja kutumwa. Mzee yule mwenye kitambi alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Aliporudi alikuwa amekumbatia kanzu iliyokunjwa, akainama, akamwekea Bi Mwanaisha magotini. Bi Mwanaisha akaifungua shingoni, akauzika uso wake humo. Akakaa vile mpaka nikaogopa. Halafu ikatoka sauti ambayo mpaka leo sijui niiite kilio au kicheko.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye huyu."

Mama yangu akamkumbatia, wakalia pamoja. Tulimsindikiza stendi sote. Baba alitangulia naye, kichwa wazi, katikati ya mitaa ambayo haijapata kumwona bila kofia. Watu wakimwamkia wanamkodolea macho. Mmoja akathubutu kumwuliza, "Mzee, vipi leo, kofia iko wapi?"

"Nimemrudishia mwenyewe," baba akajibu, akaendelea kutembea.

Mwanangu, nimekueleza haya kwa sababu na wewe utakaa kwenye kiti kile. Atakuja mtu, mzigo wake hauonekani, na maneno mepesi yatakujia mdomoni: siyo juu yetu, waulize waliotuma. Yameze. Mwulize jina, mwulize ni nani aliyetuma na ndani mna nini, kisha inuka ugeuke uangalie rafu iliyo nyuma yako kabla hujamtuma mtu Dar. Kama ulipita kwako, sema ulipita kwako, hata kama hukuuvunja wewe wala hukuufungua wewe. Bwana Nasoro alikuwa na kanzu ile siku zote. Asingeisema mpaka anaingia kaburini, kama baba asingekaa chini kwanza. Na mtu akikuletea kitu kizuri kuliko uwezo wake, mwulize kimetoka wapi, hata akiwa ni mwanao, hata akiwa ni mimi.

Namba ile bado naijua kwa kichwa. Sijaipiga tena.

Nenda kazini kwako, Mungu akufungulie riziki ya halali. Mikono yako iwe mahali ambapo vitu vya watu vinalala salama, na mama wa mtu asiondoke mbele yako akikushukuru kwa jambo ambalo hukumfanyia. Amina.