Siku Nilipoiamsha Kompyuta ya Bi Mkubwa

Nilipoajiriwa katika ofisi ndogo ya kumbukumbu za uzazi, Wete, nilirithi meza ya mama mmoja aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao kisiwani Makoongwe. Sote tukimwita Bi Mkubwa. Kompyuta yake haikudumu sana baada yake. Kabla haijafa kabisa, fundi mmoja kutoka Unguja aliinakili nzima nzima, mafaili yake, programu zake, hata picha ya mawaridi iliyokuwa kwenye kioo, akaitia yote katika faili moja kubwa ndani ya diski.

"Siku mukiihitaji," alituambia, "iingizeni kwenye kompyuta mpya. Itaamka humo humo, mashine ndani ya mashine."

Diski ikakaa mtotoni mwa meza hadi asubuhi moja ya mvua, alipoingia mama kutoka Mgogoni, buibui limelowa hadi magotini. Binti yake alitakiwa skuli apeleke uthibitisho wa kuzaliwa, na kadi yake ya kuzaliwa ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikatafuta kwenye kompyuta mpya, hayumo. Daftari la mwaka aliozaliwa lilikuwa limeingia maji zamani, kurasa zimegandana kama mkate.

"Basi mwanangu kwenye maandishi hakuzaliwa?" aliniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nikamkaribisha kwenye benchi, nikatoa diski.

Nilifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, lile lisilo na picha wala vitufe. Nikaandika amri ya kuingiza, nikafuatisha mahali faili lilipo, nikabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba faili hilo halipo. Nikaandika tena, jibu lile lile. Ilinichukua muda kugundua kwamba fundi alilipatia faili jina la maneno matatu yenye nafasi katikati, na kompyuta ilikuwa ikisoma neno la kwanza tu. Nikalifunga jina lote ndani ya alama za kunukuu.

Safari hii ikakubali. Asilimia moja. Mbili. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa sauti moja isiyobadilika, na harufu ya ardhi ikaingia dirishani. Mama wa Mgogoni alisinzia. Mimi nilitazama namba zikipanda taratibu, nikajihisi nimekaa kando ya kitanda cha mtu nikingojea azinduke. Sijui ulipita muda gani. Nilipozinduka mimi, namba zilikuwa zimefika mwisho, nami nikaandika amri ya kuiwasha.

Ndani ya kioo kukafunguka kioo kingine kidogo. Mawaridi yale. Na chini yake kisanduku kikidai neno la siri.

Nikampigia Bi Mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini huko?"

"Kompyuta yako imeamka. Yataka neno la siri."

Nyuma yake nilisikia kuku na mtu akitwanga.

"Andika jina la mwanangu," alisema, akanitajia herufi moja moja.

"Sikujua kama una mtoto."

"Hakuishi. Alikaa siku tatu. Wakati ule hakuna aliyemwandika popote. Nilipopewa kompyuta ile, yeye ndiye wa kwanza niliyemtia."

Niliandika herufi zile. Mawaridi yakafifia, orodha ikafunguka. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa na jina lile. Binti wa Mgogoni nilimkuta mbali sana huko chini, uzito wake, saa aliyozaliwa, hata jina la mkunga. Nikamwamsha mama yake, nikamsomea. Akaniomba nirudie ile saa.

"Alfajiri," alisema. "Ndiyo. Adhana ilikuwa haijamalizika."

Nikamchapia karatasi, nikagonga muhuri. Aliikunja ndani ya mfuko wa plastiki, akaaga, akatoka mvuani.

Wiki ile ile Bi Mkubwa alivuka na boti hadi Mkoani, akapanda gari hadi kwetu. Hakuwa ameniambia kama anakuja. Nilimpisha kiti, nikamfungulia. Alivaa miwani, akasogea karibu na kioo, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza bila ya kuugusa.

"Hukumfuta," alisema.

"Nimfute kwa nini, Bi Mkubwa?"

Nilitoka nje nikasimama barazani, nikawaambia waliokuja kwamba wangojee kidogo, ndani kuna mtu na mwanawe.