Kelele Yangu Moja

Nikisikia harufu ya matope ya masika nalikumbuka goli letu la mianzi, pale chini ya misheni, na njia ya sokoni ikipita nyuma yake. Nilikuwa kipa. Niseme ukweli, kipa wa timu ya chini. Wachezaji wazuri walikuwa timu ya juu.

Mpango huo aliuleta Mdachi aliyetufundisha useremala. Kabla ya kuja huku Meru alifanya kazi Skotilandi, akachezea timu ya mji mdogo katika ligi ndogo ambayo, alisema, hata Waskoti wengine hawaijui. Aliipenda hivyohivyo. Basi timu za pili tukapangiwa ligi yetu: sisi, Nduruma, Olmotonyi na vijana wa bomani. Maneno kipa, beki na goli tuliyapata kwake, pamoja na mpira mmoja wa ngozi. Mvua ikitunyeshea, yeye anacheka: "Sasa mmefika Skoti!"

Ila timu itakayoshika mkia ingevunjwa, na Jumamosi zake zingerudishwa kwenye shamba la kahawa la misheni. Jumamosi zile! Nilizihesabu tangu Jumatatu.

Shida ilikuwa aibu yangu. Kipa lazima apige kelele, na mimi hata darasani nilijibu kwa kunong'ona. Beki wetu, mkubwa kuliko sisi sote na tayari ameshaposa, alinigombeza msimu mzima.

"We kipa, umemeza ulimi? Niambie mtu akija nyuma yangu!"

"Nilisema."

"Ulimwambia nani, siafu?"

Mechi ya mwisho ilikuwa na Olmotonyi. Sare tu ingetuokoa. Mpaka karibu na mwisho hakuna aliyefunga, na sifa zote zilikuwa za beki. Alikuwa amevua shati, ana matope mpaka kwenye nyusi, kila mpira anaurudisha.

Ilikuwa siku ya soko. Nikageuka kidogo, nikamwona mama wa mchumba wa beki akija na njia, mkungu wa ndizi mgongoni.

Kwetu kijana aliyeposa hakutani na mama mkwe. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anajificha mpaka apite. Na beki alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea golini, macho kwa mshambuliaji wa Olmotonyi, hajui kitu. Hatua chache tena angegeuka, wangetazamana uso kwa uso, yeye kifua wazi.

"Kaka! Mama mkwe!"

Sauti ilinitoka kubwa hata mimi nikashtuka. Beki hakuuliza. Aliuacha mpira, akajifunika uso kwa mikono, akatumbukia kwenye migomba. Mshambuliaji aliikodolea macho migomba, kisha akakumbuka kilichomleta. Akausukuma mpira taratibu kushoto kwangu, ukaingia. Mimi nilikuwa bado nimeacha kinywa wazi.

"Msimu mzima bubu, leo ndiyo umepata sauti?" wenzangu wakanijia juu. Mdachi, ambaye ndiye alikuwa refa, alitaka aelezwe mara tatu. Mwishowe akatikisa kichwa, akasema kule Skoti hajawahi kuliona hilo, na goli ni goli.

Yule mama alifika nyuma ya goli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona makelele, kuna chui?"

"Hapana, mama. Tunacheza."

Akaenda zake. Alipopotea kwenye kona, beki akatoka na majani makavu kichwani. Nilikaza mashavu nikingoja kofi.

"Ameniona?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akakaa kwenye matope, akashusha pumzi ndefu. "Basi asante, kipa." Alikuwa analia kidogo, nadhani kwa ajili ya timu. Mimi nililia baadaye, peke yangu.

Jumamosi iliyofuata tulipewa majembe. Mianzi ya goli ilikuwa imeng'olewa, imetumika kuegemeza migomba iliyozaa. Kutoka uwanja wa juu tulisikia mpira ukipigwa, na kila aliyesikia alisimama kidogo kabla ya kuendelea kulima.

Shamba la kahawa nalo linapakana na njia ileile. Tulipogawana mistari, wengine wakiwa bado hawanisemeshi, beki alichukua ule wa ndani kabisa, akanionyesha kwa kidole ule wa kando ya njia.

"Kaa hapo wewe," alisema. "Akija, piga kelele."

Nikasimama pale na jembe langu, nikiitazama njia kama nilivyokuwa nikiutazama uwanja.