Mbio za Kurudisha Kibuyu

Kwetu Garissa, siku ya sherehe, maziwa ya ngamia hayamiminwi katika vikombe. Kibuyu hupitishwa mkono kwa mkono. Kila mtu hunywa mafunda yake, kisha humpa aliye karibu naye, na kumruka mtu ni kumwambia, bila kufungua kinywa, kwamba hayumo. Mke wangu alirukwa. Jambo hilo lilitokea nyumbani kwa kaka yake, mwana wa mama yake, siku ya kumpa mjukuu jina. Mke wangu alikuwa amerudi si muda mrefu kutoka Nairobi, alikotibiwa saratani ya titi.

Aliporejea kutoka kwenye sherehe aliketi ukumbini bila kuvua buibui. Nilimuuliza kama alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake au alikuwa amesimuliwa. Nilifundisha sayansi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali hilo hunitoka hata mahali pasipofaa.

"Nilinyoosha mkono," alisema. "Wifi akakipitisha mbele ya magoti yangu, akampa mwanamke wa upande wa pili. Nikajifanya ninanyoosha mkono ili kurekebisha mtandio."

Tangu siku hiyo hakwenda harusini wala msibani. Alipika, aliswali, alimwagilia mlimau wake uani, na lango letu likawa mpaka wa dunia yake. Mimi niliona kwamba ugonjwa ulikuwa umeondoka na kitu kingine kilikuwa kimekaa mahali pake.

Nilimwendea shemeji yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa ngamia, mtu mcheshi, asiye na moyo mbaya, lakini masikio yake hayana mlango. Nilimkuta katika mkahawa wa chai karibu na soko la mifugo, akiwa na wazee wenzetu.

"Mwalimu, usikasirike," alisema. "Watu wanasema ugonjwa ule huhamia kwa mate."

"Watu gani?"

"Watu."

"Nitajie mmoja."

Alifikiri. "Kuna mtu wa Modogashe. Alimsikia dereva wa lori."

"Dereva huyo ni daktari?"

"Hupita mbele ya hospitali kila wiki."

Wazee walicheka, naye akacheka nao. Niliwaeleza kwamba daktari aliyemtibu mke wangu alituambia waziwazi, sote wawili tukiwa mbele yake, kwamba saratani haiambukizwi kwa kikombe, wala kwa kibuyu, wala kwa kulala kitanda kimoja. Shemeji alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Daktari ni mtu mmoja," alisema. "Watu ni wengi."

Siku hizo ilikuwa imetangazwa kwamba mji wetu ungefanya mbio za kuchangia utafiti wa saratani. Nilikuwa nimelisikia tangazo hilo na kulipita, kama mtu wa umri wangu anavyopita mambo ya vijana. Pale mkahawani nililifikiria upya. Mtafiti ni mtu anayeuliza kabla ya kusema. Katika mji ambao kila mtu husema kabla ya kuuliza, niliona kwamba mtu huyo anastahili jasho langu. Nikawaambia kwamba nitakimbia.

"Mzee akikimbia, ama anafukuza au anafukuzwa," alisema mmoja wao. "Wewe unafukuzwa na nani?"

"Na maneno yenu."

Shemeji alipangusa machozi ya kicheko. "Magoti yako, Mwalimu, hulia kama lango la zizi ukirukuu. Hebu nikuambie. Ukifika mwisho kwa miguu yako mwenyewe, bila kupandishwa juu ya kitu chochote, nitakunywa kibuyu kitakachotoka kinywani mwa dada yangu, mbele ya hawa wote."

Alisema hivyo ili wacheke. Lakini kwetu neno lililotolewa mbele ya wazee halirudishwi kwa kusema kwamba lilikuwa mzaha. Niliwageukia. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu, na kicheko kikapungua.

Ninajua vyema kwamba miguu ya mume haithibitishi chochote kuhusu mwili wa mke. Kama mwanafunzi wangu angeniletea hoja ya namna hiyo, ningeikata kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo, neno la daktari lilikuwa limeshindwa kukifikisha kibuyu kwa mke wangu, na neno hili la shemeji lingeweza. Kama ningeshindwa, ingekuwa dhihaka juu ya fedheha, na ninaamini asingetoka tena langoni.

Daktari wa hapa mjini alinipima presha, akanisikiliza kifua, akaniagiza nikimbie kidogo, nitembee kidogo, kisha nikimbie tena. Nilianza asubuhi iliyofuata baada ya sala ya alfajiri, nikiwa nimevaa kikoi nilichokipandisha kiunoni kama mtu anayevuka mto. Sikufika kwenye kona ya barabara. Kikoi kilitaka kunivunjia heshima kabla pumzi hazijaniishia, nikarudi nimekishika kwa mikono miwili. Mke wangu alikuwa amesimama langoni. Alicheka hadi akashika nguzo, na sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu siku ya sherehe. Jioni yake alinishonea suruali pana.

Kila alfajiri nilipita kando ya vichaka vya mathenge, punda wa maji wakinitangulia, korongo wakubwa wakinitazama kutoka juu ya migunga kama wajumbe wa bodi ya shule. Mwili wa mzee ni mwanafunzi mgumu, husahau leo alichofundishwa jana. Lakini niliufundisha. Mke wangu alianza kunisindikiza hadi kwenye kona, kisha hadi msikitini, kisha akawa ananisubiri kando ya barabara kuu na chupa ya maji, uso wake wazi kwa kila apitaye. Sikumwambia kwamba nimeliona hilo.

Wakati fulani shemeji alinitumia maziwa mabichi ya ngamia na ujumbe kwamba wachungaji huyanywa na kukimbia mchana kutwa. Niliyanywa kwa wingi bila kudai ushahidi. Ushahidi ulinijia barabarani, mbali na nyumba yoyote, na mathenge, mti ambao nimeulaani kwa miaka mingi kwa kuvamia malisho yetu, ukanisitiri. Alipoulizia habari nilimwambia kwamba maziwa yake hakika yalinikimbiza.

Siku ya mbio tulianzia upande wa pili wa daraja la Tana. Vijana walitoweka mbele yangu kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Nilivuka daraja kwa mwendo wangu, nikikimbia na kutembea, nikaingia mjini jua likiwa tayari limepanda. Baada ya soko miguu yangu ikawa mizito. Goti la kushoto lilianza kuuma, na maumivu yakapanda hadi nyonga. Hapo nikasikia pikipiki ikipunguza mwendo kando yangu. Shemeji alikuwa amepanda nyuma ya mwendeshaji.

"Mwalimu, uso wako umekuwa majivu. Panda. Sitamwambia mtu."

"Wewe?"

"Wallahi sitasema."

"Hujawahi kunyamazia jambo tangu uzaliwe."

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa na hofu ya kweli, nami nikatambua kwamba hakuwa akinijaribu. Alikuwa akinihurumia. Nilitembea hadi pumzi iliporudi, kisha nikakimbia tena. Pikipiki ilibaki kando yangu, na baada ya muda akaacha kunibembeleza, akaanza kunihimiza kama anavyowahimiza ngamia wake, kwa mlio ule wa kooni.

Nilivuka utepe wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kunywa maji na kuketi vivulini. Nilivuka kwa miguu yangu.

Mke wangu alikuwa amesimama hapo, mkononi kibuyu cha maziwa alichokifukiza kwa moshi ili yanukie. Wazee wa mkahawani walikuwa nyuma yake, na wifi yake pembeni pamoja na wanawake wa mtaa. Mke wangu alikunywa kwanza, bila haraka. Akanipa, nikanywa. Nikamnyooshea shemeji.

Aliwatazama wazee, nao wakamtazama. Alisema bismillahi, akakiinamisha kibuyu, akanywa mafunda marefu hadi maziwa yakamtiririka ndevuni.

"Umekifukiza moshi kupita kiasi, dada," alisema.

"Tangu utotoni hujawahi kushiba bila kulalamika," mke wangu alimjibu. "Leta hapa."

Lakini shemeji hakumrudishia. Alimgeukia mkewe, akamwekea kibuyu mikononi. Wifi alisita, macho chini, kisha akanywa, na akampa mwanamke aliye karibu naye.

Sidai kwamba uvumi ulikufa mjini kwetu siku hiyo, kwa kuwa sikuiona maiti yake. Nitaandika nilichokiona tu. Kibuyu kilizunguka, hakuna aliyerukwa, na kilipomrudia mke wangu alikipindua chini juu. Hakikudondosha hata tone.