Kifo cha Paluku Kilituokoa

Ndugu zangu, mnaonisikia nikipiga kelele soko la Bwera, mimi Masika muuza vitenge, jueni nilishakuwa maiti inayotembea.

Kwanza macho yakawa njano. Halafu tumbo likavimba, watu wakanipongeza ati nina mimba. Mimba gani, na mimi mjane! Mwili ukawasha, nikajikuna hadi damu. Daktari wa Kasese akasema ini limekwisha. Mdogo wangu Kambale akamjibu, "Munikate yangu, tugawane na yaya." Yaya ndiyo mimi, dada yake.

Tukapelekwa hospitali kubwa, mbali. Siku moja kabla ya kupasuliwa, daktari wa usingizi akatujia, mama yetu akiwepo.

"Nachagua gesi ya kuwalaza," akasema. "Ipo isiyochosha ini. Lakini kuna familia ambazo gesi hizi zote ni sumu kwao. Taya linakaza, mwili unawaka, mtu anafia mezani. Kwenu yupo?"

"Hayuko," mama akajibu upesi.

Daktari akageuka aende. Mama akatutazama, mimi na Kambale, akamkimbilia na kumvuta koti.

"Docteur, ngoja! Mutoto yangu Paluku alikufaka vile. Banamupasula ngiri tu. Meno ilikaza, mwili ilikuwa moto!"

Nilishtuka. Sisi tuliambiwa kaka yetu Paluku alirogwa na Mama Biira, mke mdogo wa baba, aliyemlea mgongoni. Mama ndiye aliyemsingizia. Mama Biira alifukuzwa kabla ya maziko, na tangu hapo jina la Paluku likawa mwiko nyumbani.

"Asante, mama," daktari akasema. "Basi gesi hakuna. Wote wawili nitawalaza kwa dawa ya mshipani."

Ee Mungu! Angenyamaza, angetuzika wawili. Kwa hasira nilimgeuzia mama mgongo.

Niliamka na mpira puani, kidonda kikichoma kama pilipili. Nikauliza, "Kambale?" Muuguzi akanionyesha kitanda cha pili. Alikuwa anakoroma.

Leo nakula, nauza, nagombana na wateja. Namshukuru Mungu, namshukuru Kambale. Nanyi, ulizeni watu wenu walikufaje, mkamwambie daktari. Aibu haimponyi mtu.

Nilipopata nguvu nilimshika mama mkono, tukaenda Nyakiyumbu kwa Mama Biira. Mama akapiga magoti, akaeleza yote. Mama Biira alisikiliza mpaka mwisho. Hakutukana. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Sasa naweza kumulilia?"