Picha Nilizomsimulia Agnesi

Bado naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, tulipotoka ukumbi wa sinema Dar es Salaam mimi na mke wangu Agnesi, akajikwaa ngazini palepale penye mwanga. Nikacheka, nikidhani mawazo yake bado yako kwenye picha. Yeye hakucheka. Aliniambia taratibu kwamba picha yote ile ameiona katikati tu, kama mtu anayechungulia kisimani, na pembeni kote giza.

Wewe, kijana unayeanza uandishi, umeniandikia kwenye simu ukitaka kujua nilifanyaje hata nikadumu miaka yote ile jaridani nikiandika habari za filamu. Umetaka siri ya kazi. Siri yenyewe ni huyo Agnesi, kwa hiyo tulia nikusimulie, na ukiona nazunguka sana kama basi linaloteremka kutoka Mbinga kwenda ziwani, vumilia, tutafika.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa kahawa kule Mbinga milimani, yeye wa wavuvi wa Liuli, kule ziwani. Jarida letu lilitoka kila mwezi, na ukurasa wa filamu ulikuwa wangu. Agnesi alikuwa mwenzangu wa ukumbini tangu uchumba, naye aliangalia picha kwa mdomo. Stelingi akiusogelea mlango ambao adui kajificha nyuma yake, Agnesi anamwonya kwa sauti, "Usiingie humo, baba!" na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mimi nilitazama kamera na uigizaji. Yeye alitazama watu. Tukirudi nyumbani tunabishana mpaka ugali unapoa, na ubishi ule ndio niliokuwa nauandika kesho yake.

Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki nacho kikaisha kidogo kidogo. Hapo mimi nikajifanya mwenye huruma. Nikawa naenda ukumbini peke yangu, yeye namwachia redio. Nilijiambia kwamba kumpeleka asiyeona kwenye sinema ni kumtonesha kidonda. Hakulalamika. Alikaa kimya tu, na kimya cha Agnesi, mwanangu, hakikuwa jambo la kawaida. Maandishi yangu nayo yakapoa, hata mhariri akaniuliza kama naumwa.

Likizo tukateremka Liuli. Sasa wewe umekulia mjini, huenda hujui: enzi zile, kwa watu wa ziwani, mama mkwe na mkwewe hawakutazamana usoni wala kuzungumza ovyo. Akiwa na neno nawe, humtuma mtu. Siku ile hakukuwa na wa kutumwa. Mama mkwe alikuwa anaanika usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, juu ya chanja, nami nimekaa upande wa pili wa uwanja. Akanipa mgongo, akaanza kuzungumza na usipa.

"Nyie usipa," alisema, "mmewahi kuona maajabu haya? Mke kapofuka macho, mume naye kapofuka mdomo."

Akawageuza dagaa wake kwa upole kabisa, akaendelea. Akawaambia binti yake hajaomba macho ya mtu, macho ni ya Mungu. Anachotaka ni kuketi pale anapoketi mumewe. Akawaambia mtu unayemwacha nyumbani kwa huruma, umemwacha tu. Mimi nilitazama mchanga. Ningejibu nini, na wala si mimi niliyeambiwa? Aibu iliyonishika pale, mhariri hajawahi kunitia.

Tuliporudi Dar es Salaam, Jumapili ya kwanza tu nikamshika mkono tukaenda. Tukakaa nyuma kabisa, pembeni, nikawa namnong'oneza sikioni kila kinachopita. Mwanzoni watu walituzomea, baadaye wakatuzoea. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuandika. Nikimwambia mwanamke anahuzunika, ananiuliza nimejuaje. Nikajifunza kumwambia: anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena. Hapo ananyamaza, ameshamwona huyo mwanamke. Basi hiyo ndiyo siri uliyoitaka. Kila nilichoandika tangu hapo kilipita kwanza sikioni mwa Agnesi, na wasomaji wakawa wanalisifu jicho langu.

Ila kuna jambo nililifanya bila kumwambia mtu. Picha moja, mwishoni, mtoto alikufa. Agnesi alikuwa ameukamata mkono wangu kwa nguvu, nami nikashindwa kulisema. Nikamwambia mtoto kafumbua macho, anaomba maji. Akashusha pumzi. Tangu siku ile, kwa Agnesi, stelingi hakufa tena. Waliogombana walipatana, na waliopoteana walikutana stesheni. Jaridani niliandika mwisho wa kweli, nyumbani tukaishi na ule wa kutunga.

Kumbi zikafungwa moja moja, jarida nalo likafa, na kila mtu akawa na picha zake mfukoni. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Tukarudi huku, tukajenga Liuli, maana sauti za ziwa alizijua bila macho. Mchana tuliweka kompyuta barazani nikaendelea kumsimulia, na mwisho ukawa mzuri kama kawaida.

Kisha akaugua. Daktari aliniita pembeni akaniambia hakuna la kufanya tena ila kumtunza. Nikarudi kitandani kwake, naye akaniuliza daktari kasemaje. Nikamjibu kwamba dawa zimekubali, mvua zikianza atakuwa shambani.

Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Baba Osmunda," akasema, maana aliniita kwa jina la binti yetu wa kwanza, "hata mwisho huu unataka kuubadilisha?"

Akaniambia alijua tangu yule mtoto. Mimi namnong'oneza kwamba mtoto anaomba maji, huku akina mama ukumbi mzima wanalia kwa kwikwi. Yeye alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi. Aliniacha niendelee kwa sababu alipenda kunisikia nikihangaika kuwaokoa watu wote wale. "Lakini hii ni yangu," akasema. "Nisimulie kama ilivyo."

Nikamsimulia, neno kwa neno, kama alivyosema daktari. Tulilia wote wawili. Baada ya hapo akamwita Osmunda waongee, akapatana na dada yake ambaye walikuwa hawasemeshani, akaniagiza nimzike jirani na mama yake. Hata nafasi ya utani aliipata. Alinionya nisije nikaoa mwanamke anayeona vizuri, atanikimbia. Yote hayo yasingekuwepo kama uongo wangu ungeshika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, kwa kuwa tu aliyenipenda alikubali kuitembea pamoja nami.

Siku hizi natazama picha kwenye simu ya mjukuu. Namkumbuka, mwanangu, usidhani uzee unapunguza. Ikifika sehemu nzuri mdomo unaanza wenyewe kusimulia, nageuka, naona ukuta. Makala zangu zote ningezitoa leo hii nimsimulie picha moja tu, hata mbovu kabisa, ya risasi na kukimbizana.

Basi nasaha yangu ni hii. Usizoee kuangalia picha peke yako na vile vidude vyako masikioni, kisha ukakimbilia kuwahukumu waliozitengeneza. Tafuta mtu, mketishe karibu, umwambie unachokiona kabla ya unachokidhani. Uandishi utafuata nyuma. Na anayekupenda usimfiche mwisho kwa kisingizio cha huruma, kwani ataujua tu, ila ataulilia peke yake na wewe umekaa hapohapo ubavuni mwake.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi itakayokulisha, akupe mwenza wa kubishana naye njia nzima mkirudi nyumbani, na siku yako itakapofika, awepo mtu akupendaye asiyeogopa kukwambia. Amina.