Kikohozi cha Biju

Mke wa mwanawe ana vidole vya huruma, hilo Mama Séraphine halikatai. Ila huruma yenyewe inaishia kwa Biju, kambwa keupe kasikozidi kiatu. Kila asubuhi humfuta matongo kwa pamba na maji ya uvuguvugu, humsugua vijino, humvalisha sweta, kisha humfunga mkanda kifuani, si shingoni, asije akakabwa koo. Biju akikohoa mara moja tu, sala ya familia husimama na asali huletwa kijikoni. Mama Séraphine, tangu ashuke kutoka milima ya Masisi kuja kukaa nao hapa mjini, mtaa wa Himbi, amekohoa wiki nzima. "Mama, kunywa maji ya moto, itapita," huambiwa, bila hata kutazamwa.

Jumapili kikohozi kilimshika sebuleni, Biju amelala mapajani mwake. "Nani anakohola?" sauti ikaruka kutoka jikoni. Mama Séraphine akamtazama mbwa. "Ni Biju." Asali ikaja mbio, na busu la utosini kwa mbwa. "Lete nimupe mimi, amenizoea," akasema Mama Séraphine. Mkwewe alipogeuka kutafuta kitambaa, akailamba yote yeye mwenyewe. Tangu hapo Biju hukohoa kutwa, na Mama Séraphine anapata nafuu.