Jicho zima lisiloona: ajali ya baiskeli Burma na birika la Mama

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinipata mwenyewe, na pale ambapo kumbukumbu inasita sitajaza kwa kubuni.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nikisomea shahada ya pili, nikiishi kwa wazazi mtaani Jericho.

Nikitoka kununua nyama soko la Burma, baiskeli iliteleza, nikagonga nyusi ya kushoto kwenye ukingo wa barabara. Nilipozinduka, mbwa alikuwa anamalizia nyama yetu. Nilicheka. Sikujua bado.

Asubuhi yake, nikinawa, nilifunika jicho la kulia. Dunia ikazimika.

Jicho lenyewe halikuwa hata na wekundu, na hilo ndilo lililoniponza.

Jirani yetu, Mama Mwende, alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Jicho limetakata hivi! Huyu amechoshwa na vitabu. Mpeni uji."

Mama alitamani sana kumwamini. Baba akanipeleka hospitali.

Daktari alimulika tochi jicho la kulia, mboni ikajikunja. Alipoihamishia la kushoto, mboni ikapanuka, kana kwamba giza limeingia.

"Jicho ni zima," akasema. "Kilichoumia ni optic nerve, neva inayopeleka picha kwenye ubongo."

"Itapona?" Baba akauliza.

"Sijui, mzee. Madaktari wengine hutoa steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, wengine hupasua, na wapo wagonjwa wanaopata nafuu kwa kungoja tu."

Nikapewa steroidi. (Leo madaktari huziogopa kwa majeraha ya kichwa. Tafadhali msijinunulie.)

Jumapili wakaja watu wa maombi. Mimi, mtoto wa nyumba, nikamimina chai. Kwa jicho moja sikuweza kupima umbali; ikapita kando ya kikombe, ikatua kwenye suruali ya mchungaji.

"Mwanangu!" akaruka. "Mimi nilishabatizwa, tena kwa maji baridi!"

Sebule nzima ikacheka, isipokuwa Mama Mwende. Alitazama kikombe, akanitazama mimi. "Kumbe kweli haoni," akasema taratibu.

Mama akaja nyuma yangu, akanishika mkono, akaegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. "Gusa kwanza, ndipo umimine." Hakulia mpaka wageni walipoondoka.

Kwa miezi mingi nilijipima kila asubuhi: nafunika jicho la kulia, natazama dirisha. Nilipoanza kuona weupe, nilishuku ni tamaa yangu tu. Haikuwa tamaa, ila weupe huo ndio wote uliorudi. Natofautisha dirisha na ukuta. Basi.

Wakuu, mtu akigongwa kichwa, hasa kwenye nyusi, mfunikeni jicho moja, kisha jingine, mumuulize anaona nini. Akisema ukungu au giza, hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jicho linang'aa.

Aliyepitia haya, au daktari aliyemo humu anayejua matibabu mapya, aandike hapa chini. Nitasoma kila jibu.

Wanangu wana macho mawili mazuri, lakini wote huegemeza birika kwenye kikombe. Juzi mgeni aliwauliza kwa nini.

"Si ndivyo chai humiminwa?" binti yangu akamjibu, akimshangaa.